Kifaru kwenye simu yako: picha ya zamani ya vita inasomwaje?

Picha ilikuwa moja, maelezo matatu. Inaonyesha kifaru kilichoungua kando ya barabara ya udongo mwekundu, mtutu umeinamia mtaroni, na vijana watano wenye bunduki wamesimama mbele yake. Wasikilizaji wetu wa Misenyi waliituma ikiwa na maandishi kwamba ni kifaru cha Idi Amin kilichopigwa na Jeshi la Wananchi mwaka 1979. Wa Kigoma wakaituma hiyohiyo ikisema ni Goma, "jana jioni". Ya tatu ilitoka kwenye grupu la wafanyabiashara wa dagaa, nayo ilidai kwamba mapigano yameshafika mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyotufanya tukae chini na kuandika makala haya. Mama mmoja alipiga simu studio asubuhi. Mwanawe yuko Kalemie, anauza mitumba. Tangu Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu wiki chache baadaye, kila picha inayoingia kwenye simu yake anaitazama akimtafuta mwanawe ndani yake. Safari hii alikuwa ameshauza mbuzi wawili ili amtumie nauli ya kurudi. Alituuliza swali moja tu: hii picha ni ya kweli?

Tuliomba atupe siku moja. Na hapo ndipo tulipogundua kwamba swali lake lina maswali manne ndani yake. Je, ni picha iliyopigwa kweli, au imetengenezwa? Chombo kinachoonekana ni chombo gani? Ni cha nani? Na kilipigwa picha lini na wapi? Watu wengi wakishapata jibu la swali la pili huona wamemaliza. "Ni kifaru cha Kirusi, nimekitambua." Kumbe hapo ndipo kazi inapoanza.

Hesabu magurudumu kwanza

Tuanze na lile lililo rahisi. Kifaru kinaweza kubadilishwa rangi, kubandikwa matawi ya miti, hata kuungua mpaka kikabaki chuma kitupu. Kitu kisichobadilika upesi ni miguu yake. Wanaozijua silaha hawaanzi kutazama mzinga. Huangalia magurudumu yanayokanyaga mnyororo wa chuma, upande mmoja, na kuyahesabu.

Kifaru cha kwenye picha yetu kina magurudumu matano makubwa. La kwanza, lile la mbele, limejitenga na la pili, kuna uwazi kati yao; manne yanayofuata yamebanana. Juu yake kuna kichwa cha mviringo, mfano wa bakuli lililofunikwa. Mtutu una uvimbe mdogo karibu kabisa na mdomo wake. Hiyo ni familia ya T-54 na T-55, vifaru vya Kisovyeti vilivyoanza kutengenezwa mara baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mdogo wao, T-62, naye ana magurudumu matano, lakini uwazi wake uko nyuma badala ya mbele, na uvimbe kwenye mtutu umerudi ndani, mbali na mdomo. T-72 ina magurudumu sita. Ukiyajua hayo matatu tu, umeshaondoa nusu ya makosa yanayosambaa kwenye simu.

Tahadhari moja: hakikisha unajua mbele ni wapi. Kichwa cha kifaru huzunguka, na mtutu unaweza kuwa umeelekea nyuma wakati kifaru kinarudi au kimepigwa. Usifuate mtutu. Tazama mwili: upande ulioinama kama mteremko wa paa ndio mbele.

Sasa ugumu. Familia hiyo ya T-54 na T-55 ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi kuliko vifaru vingine vyote duniani. China ilipewa ruhusa ya kutengeneza wa kwake, ukaitwa Type 59, na ukiutazama kwa mbali hauutofautishi na T-54 kwa sababu ni nakala yake. Umepigana Asia, Mashariki ya Kati, Pembe ya Afrika, Maziwa Makuu. Kwa hiyo kusema "hiki ni T-55" ni kama kusema mtu aliyepita barabarani alivaa kandambili.

Vita vya Kagera: ndugu wawili wanapopigana

Mfano mzuri tunao hapahapa nyumbani. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia kaskazini mwa Mto Kagera. Mapema Novemba wakaliangusha daraja la Kyaka. Tanzania ilijibu, vita vikaingia ndani ya Uganda, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Katika vita hivyo Tanzania ilikuwa na vifaru vilivyotoka China: Type 59 yenye mzinga wa milimita 100, na ndugu yake mdogo, Type 62, mwenye uzito wa tani 21 tu na mzinga wa milimita 85. Uganda ilikuwa na T-55. Na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, wale waliopambana na Watanzania kule Lukaya Machi 1979, nao walikuja na vifaru vya familia hiyohiyo. Maana yake ni kwamba picha ya kifaru chenye magurudumu matano na kichwa cha bakuli, iliyopigwa barabara ya Masaka mwaka 1979, inaweza kuwa ya Tanzania, ya Uganda, au ya Libya. Tena kifaru kikitekwa kikiwa kizima huwa hakiachwi porini. Kinapakwa alama mpya na kesho yake kinapigana upande wa pili.

Kuna kimoja kinachotusaidia. Uganda ilikuwa na vifaru vichache vya Kimarekani aina ya Sherman, vilivyopatikana kupitia Israel enzi ambazo Amin na Waisraeli walikuwa bado marafiki. Sherman ni kirefu kwenda juu, kimesimama kama kibanda, na magurudumu yake ni madogo, yamefungwa mawiliwili, jozi tatu kila upande. Tanzania haikuwa nacho. Ukikiona kwenye picha ya kweli ya Kagera, unajua kilianzia upande gani. Lakini picha nyingi zinazosambazwa kila mwaka ifikapo kumbukumbu za vita hivyo si za Sherman. Ni za wale ndugu.

Je, basi, ndugu hawa hawatofautishwi kabisa? Wanatofautishwa, kama picha ni safi na imepigwa kutoka juu kidogo. T-54 na Type 59 vina kifuniko kidogo cha kupitishia hewa juu ya kichwa, upande wa kulia, kama uyoga. T-55 hana. Uyoga huo ni mdogo, na picha iliyotumwa na kutumwa tena mpaka ikawa na ukungu haiuonyeshi. Ndiyo maana tunawasisitiza wasikilizaji: mwombe aliyekutumia akupe nakala iliyo safi zaidi, ile aliyoipata yeye mwanzo.

Namba iliyofichwa kwa miaka ishirini

Kama kuna anayedhani mambo haya ni ya watu wasio na kazi, kuna kisa cha Vietnam. Tarehe 30 Aprili 1975 vifaru vya Vietnam Kaskazini viliingia Saigon na kuvunja lango la ikulu ya rais. Vita virefu vikaisha siku hiyo. Kwa miaka mingi nchi nzima ilifundishwa kwamba kifaru kilichoangusha lango kuu ni namba 843. Wanajeshi wake wakapata sifa, kifaru kikawekwa makumbusho.

Lakini siku ile kwenye uwanja wa ikulu alikuwepo mpiga picha mwanamke Mfaransa, Françoise Demulder. Picha yake ilimwonyesha waziwazi mkosaji wa kweli wa lango lile: kifaru namba 390, kikipita katikati ya lango kuu. Na namba 843? Kilikuwa kimekwama kwenye lango dogo la pembeni. Picha hiyo ilikuja kujulikana Vietnam mwaka 1995, miaka 20 baadaye. Miaka yote hiyo wanaume wa namba 390 walikuwa wakiishi maisha ya kawaida, hawana wa kuwaamini.

Kisa hiki tunakipenda kwa sababu mbili. Ya kwanza, kilichomaliza ubishi ni tarakimu tatu zilizopakwa kwa rangi nyeupe, hakuna mtambo wa ajabu hapo. Ya pili ni kwamba 843 ni T-54 wa Kisovyeti na 390 ni Type 59 wa Kichina. Ni ndugu walewale wa Kagera. Kwa mtu aliyetazama umbo tu, vilikuwa kifaru kimoja. Vyote viwili sasa vimehifadhiwa Hanoi.

Meli yenye mzinga wa mti

Kifaru kikikuchosha, hamia ziwani. Wasikilizaji wa Kigoma hawahitaji kuelezwa Liemba ni nini. Wengine wameisafiri, na Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 2015 wakarundikana kwenye ufukwe wa Kagunga wanaikumbuka kwa sababu ndiyo iliyowabeba mpaka Kigoma mjini.

Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi ziwani, ikaunganishwa upya. Ilishushwa majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani, walipoona wanazidiwa, waliipaka mitambo yake grisi na kuizamisha wenyewe. Waingereza waliiinua 1924, na mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba.

Ukipata picha ya zamani ya meli hii, swali la kwanza ni hili: kuna mzinga sitahani? Ikiwa upo, picha ni ya mwaka 1915 au 1916, kabla haijazama, maana baada ya hapo ilikuwa meli ya abiria na mizigo. Kipimo safi kabisa. Ila kuna mtego, na tulicheka tulipoukumbuka. Mzinga mkubwa wa Götzen ulikuwa umetoka kwenye manowari Königsberg. Mwaka 1916 kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliuhitaji kwa vita vya nchi kavu, akauchukua. Mahali pake pakawekwa mzinga wa bandia uliochongwa kwa mti, na maadui ng'ambo ya ziwa waliendelea kuuogopa. Kwa hiyo hata ukiutambua mzinga sawasawa kwenye picha, inawezekana unachokitambua ni gogo.

Hiyo Königsberg yenyewe hutambulika kwa dohani. Zilikuwa tatu, zimepangwa mstari mmoja. Tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Pegasus ilikuwa na dohani mbili. Ukiletewa picha yenye maandishi "Königsberg" na meli ina dohani mbili, mrudishie mwenyewe. Meli zilizoimaliza Rufiji, Severn na Mersey, hazifanani na yoyote kati ya hizo: zilikuwa za chini mno, karibu zilingane na maji, kwa kuwa zilijengwa kwa ajili ya Brazil zifanye kazi katika mito. Ndiyo maana ziliweza kuingia mahali ambapo manowari kubwa zingekwama kwenye tope.

Majina nayo yana mitego yake. Wajerumani walikuwa na meli Hermann von Wissmann katika Ziwa Nyasa na nyingine, Hedwig von Wissmann, katika Ziwa Tanganyika. Ya Nyasa ilishambuliwa na Waingereza Agosti 1914 ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, huko Liuli. Ya Tanganyika ilizamishwa Februari 1916. Mwandishi wa maelezo anayefupisha na kuandika "Wissmann" tu amekutupa kati ya maziwa mawili. Halafu kuna Kingani, meli ndogo ya Wajerumani iliyotekwa na Waingereza siku moja baada ya Krismasi 1915, ikatengenezwa na kubatizwa Fifi. Katika picha moja ina bendera hii, katika nyingine ina ile, na mwili ni uleule.

Ndege, na yaliyotokea Musoma

Kwenye ndege hatutakaa sana, kwa kuwa picha nyingi za ndege zinazotufikia ni nukta angani. Kinachotazamwa ni mabawa yamekaaje, injini ziko wapi, na mkia ukoje. MiG-21 ina mdomo ulio wazi kama bomba, na ndani yake koni imechomoza. Mabawa yake ni pembetatu. Tupolev-22, ndege ya Libya ya kudondosha mabomu, hujulikana haraka kwa kuwa injini zake mbili zimekaa juu, mkiani. Machi 1979 moja ya ndege hizo ilitumwa kulipua matangi ya mafuta Mwanza. Ilikosa. Mabomu yaliangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane na waliokufa ni swala.

Lakini kama unataka kujua kwa nini utambuzi si mchezo, kumbuka Musoma. Katika vita hivyohivyo vya Kagera ndege tatu za kivita za Tanzania ziliangushwa na walinzi wa anga wa upande wao wenyewe. Uganda nayo ilikuwa na MiG. Walioko chini waliona umbo wanalolijua, wakadhani wanajua ni la nani.

Mengine hukataliwa hata bila kutazama picha kwa makini. Ukiambiwa hiki ni kifaru kilichopigana Tanganyika Machi 1916, haiwezekani, kwa sababu kifaru cha kwanza duniani kiliingia vitani Septemba 1916, nako ni Ufaransa. Waingereza walichokuwa nacho huku ni magari ya deraya ya Rolls-Royce. Na ukiletewa picha ya chombo kikubwa cha Wajerumani kilichojazwa gesi, kile walichokiita L59, kikielea juu ya milima ya kusini mwaka 1917, nayo ikatae. Kiliondoka Bulgaria Novemba mwaka huo kuwaletea wapiganaji wa Lettow-Vorbeck dawa na risasi, kikafika anga ya Sudan, kikageuzwa. Hakijawahi kuonekana hapa.

Tazama nyuma ya kifaru

Turudi kwenye picha yetu. Magurudumu yalikuwa yametuambia familia. Hayakutuambia mwaka. Watu walikimbilia kusema ni ya 1979 kwa sababu haina rangi, ni nyeusi na nyeupe. Hilo si ushahidi hata kidogo. Simu yoyote leo inaiondoa rangi kwa kubonyeza mara moja, na wanaotaka picha ionekane ya kale hufanya hivyo.

Kilichotusaidia kilikuwa pembeni. Nakala ya Misenyi ilikuwa imekatwa upande wa kushoto. Nakala ya Kigoma haikukatwa, na huko kushoto, mbali, juu ya mti wa mkaratusi, kulikuwa na mnara wa simu. Mnara wa simu kijijini mwaka 1979? Hapo dai la Kagera likafa. Vitu vya namna hii ndivyo vya kutafuta: mnara, dumu la plastiki, pikipiki za kisasa, kibao cha duka la vocha, namba za magari. Gari lenye namba za Tanzania zinazoanza kwa T, tarakimu tatu na herufi tatu, halikuwapo enzi za Amin. Kifaru huishi miaka 50 na kuzunguka mabara. Kandambili na kibao cha duka haviishi hivyo.

Kisha tukaikata picha tukaacha kifaru peke yake, tukaitafuta mtandaoni kwa Google Lens, ambayo simu nyingi za Android zinayo. Unaibonyeza picha, unachagua kutafuta kwa picha, nayo inakuonyesha mahali pengine ilipowahi kuwekwa. Bando linalotumika ni dogo kuliko la kufungua video moja. Nakala ya zamani kuliko zote tuliyoipata ilikuwa ya Novemba 2013, ikiwa na rangi zake zote. Huo ndio mwezi ambao M23 ilishindwa kwa mara ya kwanza na jeshi la Kongo likisaidiwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa, ambamo walikuwemo wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi.

Kwa hiyo picha ni ya kweli. Eneo lililotajwa na watu wa Kigoma, viunga vya Goma, halikuwa mbali na ukweli. Hata jina la waasi ni lilelile. Kilichokuwa cha uongo ni neno moja tu, "jana". Na dai la tatu, la vita kufika mwambao wa ziwa, lilibandikwa juu ya picha ambayo haikuwa na ziwa, wala samaki, wala chochote cha Kalemie. Tulimpigia yule mama jioni ile. Tulimweleza kuwa picha haisemi lolote kuhusu mwanawe, na kwamba aulize kwa sauti yake, yaani ampigie. Alikuwa ameshampigia. Kijana yuko kwenye kibanda chake anauza suruali. Mbuzi, alisema, hawarudi.

Tukumbushe mambo mawili ya simu. Ukiona kwenye WhatsApp mishale miwili juu ya ujumbe, maana yake umepitia mikononi mwa watu wengi, angalau grupu au watu watano mfululizo, na aliyekutumia hakuiona kwa macho yake. Pili, WhatsApp ikituma picha huondoa taarifa zilizofichwa ndani yake za siku na mahali ilipopigwa. Anayekuambia "nimeangalia ndani ya picha, tarehe ni ya jana" kwa picha ya kutumiwa, anasoma tarehe aliyoipokea yeye.

Zipo pia ambazo hazijapigwa na kamera kabisa. Video za mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3 zimeshasambazwa kama vita vya Ukraine na vya Gaza, hadi kampuni inayoutengeneza ikalazimika kutoa maelezo ya kuwasaidia watu wazitambue. Na picha zinazotengenezwa na akili bandia zina udhaifu uleule tulioanza nao. Hesabu magurudumu: kushoto matano, kulia saba. Mnyororo unaingia ardhini na hautoki. Namba ubavuni si namba bali michoro inayofanana na namba. Udhaifu huu unapungua kila mwezi, hivyo usiutegemee peke yake.

Hata gari la roketi ambalo Waganda waliliita Saba Saba mwaka 1979, lenye mirija 40 imepangwa safu nne za kumi kumi mgongoni mwa lori, na ambalo jina lake halisi ni BM-21, bado linapiga leo Sudan na Ukraine. Picha yake ya jana na picha yake ya miaka 45 iliyopita zinaweza kufanana kwa kila kitu isipokuwa lori lililopita nyuma.

Wale wanaovuta kamba

Kuna jambo lililotusumbua tulipokuwa tukipekua picha za zamani kwa ajili ya makala haya. Baada ya Königsberg kuangamizwa, mizinga yake yote kumi ilitolewa kwenye mabaki ya meli, ikakarabatiwa, ikapigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na ukienda unaugusa. Mizinga hiyo haikuwa na magari ya kuivuta. Ilivutwa na watu, mamia kwa kamba, kwenye mchanga, tope na vilima.

Picha za vita hivyo zipo nyingi. Mjerumani Walther Dobbertin, mpiga picha aliyeishi katika koloni hili, alipiga askari, treni, mizinga na misafara, na nyingi kati ya picha zake ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani na zinaonekana mtandaoni bure. Maelezo chini ya picha za namna hiyo yana utaratibu wake. Mzinga una jina, kipimo cha milimita, na meli ulikotoka. Ofisa aliyesimama kando ana cheo na jina la ukoo. Wanaovuta kamba wanaitwa "wapagazi". Waingereza nao waliandikisha wapagazi karibu milioni moja katika vita vile, na waliokufa hawapungui 95,000, wengi kwa njaa na kuhara. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kwa kikosi chao, na Kariokor ya Nairobi vilevile.

Leo kuna watu Ulaya na Marekani wanaoweza kukuambia kwa kutazama msumari tu kwamba mzinga huu ni wa Königsberg na si wa Pegasus. Ujuzi huo tumeutumia, na tunawashukuru. Lakini hakuna hata mmoja wao anayeweza kukutajia mtu wa tatu kutoka kushoto. Hilo linaweza kufanywa na mjukuu wake tu, ikiwa picha itamfikia na ikiwa mtu nyumbani bado anaikumbuka sura.

Vita vya Kagera vina miaka isiyofika 50. Waliosimama mbele ya vifaru vile wengine wako hai, wanalima migomba na wanatusikiliza. Picha zao ziko kwenye masanduku na kwenye fremu ukutani, nyingine zimeanza kuliwa na mchwa. Wiki hii mzee mmoja wa Misenyi alitutumia yake kupitia simu ya mjukuu: wanaume wanne wamekaa juu ya Type 59, mmoja ameshika sufuria. Aliandika aina ya kifaru kwa herufi kubwa, akidhani ndiyo tutakayoitaka. Tulimpigia kumwomba majina, akataja matatu bila kusita. La nne, la mwenye sufuria, alisema atamuuliza mwenzake aliyeko Bunazi.

Wengine wenye picha kama hizo, tutumieni kwa namba ileile ya WhatsApp ya kipindi cha jioni. Ipigeni picha ya ukutani mchana, nje, bila kumulika, na ile ya sandukuni igeuzeni mpige na mgongo wake, kama una mwandiko. Andikeni majina ya watu kwanza. Magurudumu tutahesabu wenyewe.